Mzee Aliyenipa Mgongo

Nilifika Haima, mji wa jangwani nchini Oman, saa nane na nusu mchana, mabega yakiuma, midomo imepasuka, na sina haja nyingine duniani ila kuitoa helmeti. Nilikuwa nimeondoka Muscat alfajiri. Zaidi ya kilomita 500 zilikuwa zimepita chini ya matairi, na tangu mji wa Adam hakuna cha kutazama ila tambarare ya changarawe ya Jiddat al-Harasis na vibao vyenye picha ya ngamia.

Nikiingia kituo cha mafuta, kawaida yangu hutafuta ukuta kwanza. Nyuma ya duka, ubavuni mwa chumba cha kuswalia, popote penye pembe. Nauelekea ukuta, naivua helmeti, naufunga upya mtandio, ndipo nageuka.

Siku ile sikutafuta. Niliivua pale pale penye pampu, bado nimekaa juu ya pikipiki. Pini ya mtandio ilikuwa imenasa kwenye sponji ya ndani, na helmeti ilipotoka ikaja na kila kitu.

Nywele zilizolowa jasho zikaniangukia mabegani, mchana kweupe.

Mikono yangu ilikuwa ndani ya glovu. Mtandio umo ndani ya helmeti, helmeti iko mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika breki kwa sababu stendi sikuwa nimeiteremsha. Kwenye pampu ya jirani kulikuwa na pikapu iliyobeba marobota ya nyasi, na juu ya marobota wamekaa vijana wanne au watano. Wote wakanitazama. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Walikuwa vijana wamechoka na safari, na mbele yao kimetokea kitu wasichokitarajia.

Mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya gari lake akisubiri chenji. Kanzu yake ilikuwa ya rangi ya vumbi, kilemba kimefungwa kwa haraka, ndevu nyeupe. Alinitupia jicho mara moja tu. Kisha akapiga hatua tatu, akasimama katikati yangu na wale vijana, akanipa mgongo. Akafunganisha mikono nyuma na kutanua viwiko kidogo, kama mtu anayetazama mifugo yake ikinywa maji.

Hakusema neno. Hakuwakemea wao, hakunikemea mimi. Alisimama tu mpaka aliposikia, nadhani alisikia, zipu ya jaketi langu ikipanda shingoni juu ya mtandio. Akarudi garini mwake bila kugeuza uso, akaondoka.

Sikumwambia ahsante.

Ni wiki saba sasa, na bado namwona.

Tusi au heshima?

Kwa Kiswahili chetu, kupewa mgongo ni tusi. Mume aliyempa mkewe mgongo amemwacha. Rafiki aliyekupa mgongo wakati wa shida humsahau. Mimi nimelelewa Mombasa, na katika mambo ya mwanzo kabisa niliyofundishwa ni kutompa mgongo mtu mzima anayezungumza.

Kwa hiyo kitendo chake kilinifikia kama lawama. Nililala Haima usiku ule, katika chumba cha kupanga chenye kiyoyozi kinachonguruma kama lori, na nikagombana naye hadi usiku wa manane. Nani alikuomba? Nywele ni nywele. Kwani umeona nini kibaya hata ukasimama kama unayefunika maiti ya ajali?

Halafu hasira ikapoa, na chini yake nikakuta kitu kingine ambacho kilinishtua zaidi. Nilikuwa nimefarijika. Zile sekunde thelathini ambazo mgongo wake ulikuwa mbele yangu, nilivuta pumzi. Nilitoa glovu moja moja, bila pupa. Nimepanda pikipiki miaka mitano katika nchi hizi, na sikumbuki mara nyingine ambapo nilijifunga mtandio hadharani mikono yangu isitetemeke.

Sasa hasira ilikuwa ya nini, na faraja ilikuwa ya nini? Hilo ndilo lililonikosesha utulivu.

Buibui na cheni

Kwetu hakuna mwanamke asiyejua hesabu ya nguo na pikipiki. Ukipanda bodaboda Kisauni umevaa dera, unaikunja chini ya paja, leso unaizungusha miguuni, na dereva haondoki mpaka akwambie, "Mama, vuta nguo." Kila mtu ana hadithi ya buibui lililomezwa na gurudumu. Mimi mwenyewe kuendesha nilijifunzia kwenye pikipiki ya kaka yangu, dera nimelifunga kiunoni na leso chini yake, jioni, ili majirani wasinione.

Nilipokuja Oman kufanya kazi ya uhasibu na nikanunua Honda CB500X ya mtumba, ile hesabu niliisahau. Niliogopa. Nilikuwa mgeni, Mwafrika, mwanamke, peke yangu, na juu ya yote hayo ninapanda pikipiki. Nikaona angalau nguo zangu zisimpe mtu la kusema. Basi nikavaa buibui jeusi juu ya jinzi, mtandio umezungushwa mara mbili, helmeti juu. Jaketi la pikipiki niliona linabana mwili mno. Liliishia kabatini.

Nilidumu miezi minne hivyo.

Siku moja nikitoka kwenye mzunguko wa barabara mjini Barka, mwendo hata kilomita 30 kwa saa haujafika, kitu kilinivuta kiunoni upande wa kushoto kama mtu aliyenishika kwa hasira. Pindo la buibui lilikuwa limeingia kati ya cheni na sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni. Gurudumu likafunga. Nikaanguka upande wa kushoto, na kwa kuwa nguo ilikuwa bado imeshikwa, sikuweza hata kujiburuta nikatoka chini ya pikipiki.

Dereva wa lori, Mhindi wa Kerala, ndiye aliyenikata kwa kisu. Kitambaa kilikuwa kimejizungusha kwenye sproketi mara tatu. Nilisimama nikiwa na buibui lililokatwa hadi juu ya paja, jinzi imechanika gotini, na damu imefika kwenye buti.

Nguo niliyoivaa nisionekane ndiyo iliyoniacha wazi katikati ya barabara.

Niliporudi nyumbani nililia, si kwa sababu ya goti. Nililia kwa kuwa nilijua fika, tangu utotoni, tangu bodaboda ya kwanza, kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa, na bado nilikuwa tayari kuhatarisha shingo yangu ili mtu nisiyemjua, katika gari litakalonipita kwa sekunde mbili, asije akaniwazia vibaya.

Fundi wa Ruwi

Mtu aliyenitoa hapo ni fundi cherehani wa Ruwi, mtaa wa Muscat, mzee kutoka Lahore, Pakistan. Nilimpelekea lile buibui lililochanika nikamwuliza kama laweza kufupishwa. Alilitazama, akaona grisi ya cheni, akaelewa bila kuelezwa.

Akanisimulia habari za binamu yake. Kwao wanawake wengi hupakiwa upande mmoja, miguu yote kushoto, na dupatta, ule mtandio mrefu, huachwa unapepea. Ya binamu yake ilinasa kwenye gurudumu la nyuma. Aliokoka, lakini shingoni ana alama hadi leo. Wengine hawakuokoka. Kisha akaniambia kuwa siku hizi huko Lahore wasichana wanaendesha wenyewe, na dupatta wameifunga mgongoni msalaba msalaba, ncha zimechomekwa. Alikuwa akisema kweli: jimbo la Punjab lina mpango wa kufundisha wanawake pikipiki tangu 2016, na mwaka mmoja kabla yake Zenith Irfan, msichana wa Lahore, alikuwa ameshapanda pikipiki yake hadi milima ya kaskazini.

Akanishonea vazi ambalo mpaka sasa silibadilishi. Ni kama kameez: koti refu linaloishia juu kidogo ya goti, lenye mpasuo pande zote mbili hadi nyongani, ili mguu upande na kushuka bila kuvuta kitambaa. Kila mpasuo una vifungo vya kubana. Nikishuka navifunga, nikipanda navifungua. Kitambaa ni pamba nzito, kwa sababu chepesi kikipigwa na upepo wa kilomita 110 kwa saa hujaa kama tanga na kukuvuta nyuma. Mikono inaishia kwenye kibano kinachoingia ndani ya glovu.

Chini ya koti ndipo kazi ilipo. Suruali na jaketi vyenye pedi za kinga magotini, nyongani, viwikoni, mabegani na mgongoni, na lebo ya ndani yenye herufi AA. Herufi hizo ni za kipimo cha Ulaya, EN 17092, kinachoonyesha nguo inavumilia vipi kusuguliwa na lami: AAA ni ya juu kabisa, kisha AA, kisha A. Dada anayesoma haya na anataka kuanza, naomba aitafute lebo hiyo kabla ya kuuliza rangi.

Na kichwani, hapa nataka kueleweka vizuri. Pini haifai ndani ya helmeti. Ukianguka, kile chuma kiko kati ya fuvu lako na kitu kilichotengenezwa kubanwa kwa nguvu. Fundo la nywele au la mtandio kisogoni halifai pia, kwa sababu linaisukuma helmeti mbele na kuilegeza. Ninachovaa ni kofia laini ya kitambaa kinachonyumbuka, inayofunika nywele, masikio na shingo hadi kifuani, haina mkunjo wala kifungo. Helmeti ikitoka, yenyewe inabaki.

Siku ya Haima niliivunja kanuni hii. Asubuhi nilipitia Nizwa kunywa chai kwa rafiki, na kwa kuwa nilitaka kuonekana nadhifu mbele ya mama yake, nilifunga mtandio wa hariri kwa pini.

Watu huniuliza kuhusu joto. Wanadhani kujifunika jangwani ni kujitesa. Lakini hewa ikizidi joto la mwili, upepo hauburudishi tena, unakupika. Ukifungua zipu kwenye nyuzi 42 unajikausha tu. Mimi hulowesha fulana ya pamba, navaa jaketi juu yake, nafunga matundu nusu, na maji yale hunipoza kwa saa nzima. Watazame wenyeji: wanaume nao wamejifunika kichwa hadi kifundo cha mguu, na si kwa sababu ya wanawake.

Sheria na macho

Msimu wa baridi uliopita nilivuka jangwa la Rub al-Khali kwenda Hofuf, Saudia, kwa rafiki yangu wa Mombasa anayefanya kazi ya uuguzi huko. Barabara hiyo ilifunguliwa Desemba 2021. Kutoka Ibri, upande wa Oman, unakwenda mpakani kilomita kama 160, halafu upande wa Saudia kuna kilomita 564 za mchanga mwekundu kulia na kushoto. Niliifanya kwa siku mbili, na madumu mawili ya petroli nyuma.

Mpakani afisa kijana alishika pasi yangu, akatazama pikipiki, akatazama pasi, akauliza, "Dereva yuko wapi?" Nikamwambia ni mimi. Akatabasamu, akagonga muhuri.

Kabla ya tarehe 24 Juni 2018 nisingeweza hata kuendesha gari katika nchi ile. Na tangu walipoanza kutoa viza za utalii, mwezi Septemba 2019, mgeni mwanamke halazimishwi abaya. Anatakiwa kuvaa kwa staha tu. Sheria imelegea. Lakini kwenye kituo cha kwanza cha mafuta nilijikuta natafuta ukuta kama kawaida. Hakuna askari aliyenituma.

Sijafika Iran. Huko hijabu ni amri ya dola tangu miaka ya mwanzo ya mapinduzi, na Septemba 2022 msichana wa miaka 22, Mahsa Amini, alifariki akiwa mikononi mwa polisi waliomkamata kwa sababu ya mavazi yake. Siwezi kuandika kuhusu mgongo wa mzee wa Haima nikajifanya silijui hilo. Kuna mahali mtu akisimama mbele yako hakusitiri, anakuziba njia. Mtu wa nje akitazama kwa mbali, huenda asione tofauti.

Mimi niliyekuwa ndani ya tukio niliiona tofauti, ila nilichelewa kuitamka.

Shiraa

Wiki ya tatu nilimpigia nyanya, Lamu. Nilimsimulia yote, pamoja na zile nywele. Alinyamaza kidogo.

"Kwani hujui habari ya shiraa?"

Nilikuwa najua kwa juu juu, kama sisi sote. Zamani, kabla ya buibui kuingia, bibi wa kiungwana hakutoka hivi hivi barabarani. Alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa linaloinuliwa kwa fimbo, na yeye yuko katikati. Nyanya hakuiona kwa macho yake. Alihadithiwa na nyanyake.

"Na unajua waliozishika fimbo ni kina nani?"

Nikanyamaza mimi.

"Watumwa, mwanangu. Wanawake wenziwe. Wao jua lawapiga, wao waonekana, wao hawana shiraa." Akakohoa. "Ndipo buibui likaja, na kila mmoja akalivaa, muungwana na aliyekuwa mtumwa. Watu walisema wamejifanya. Waache waseme. Lile vazi lilikuwa haki yao."

Nilikaa na maneno hayo kwa siku nyingi. Nilikuwa nimezoea kuliona buibui kama kitu ambacho mwanamke anabebeshwa. Sikuwa nimewahi kulifikiria kama kitu ambacho mwanamke fulani, katika vichochoro vile vile ninavyovijua, alikitamani na kukipigania, ili naye ahesabiwe kuwa mtu mwenye stara.

Na sikuwa nimewahi kujiuliza ni nani anayeshika fimbo. Miaka yote mitano barabarani nimekuwa bibi na mtumwa kwa pamoja: ninayejificha ndani ya kitambaa, na ninayekibeba juani. Buibui, ukuta wa kituo cha mafuta, pini, hofu, hesabu ya nani anatazama, vyote nimevibeba peke yangu. Yule mzee, kwa nusu dakika, alishika fimbo.

Hakuwa mtumwa wangu, wala hakuwa bwana wangu. Alikuwa mpita njia.

Kabla hatujaagana nyanya aliniuliza swali moja.

"Ulimshukuru?"

Nikamwambia sikumshukuru.

"Haya," akasema, na akahamia habari za bei ya samaki.

Aya inayopita upesi

Chuoni tulifundishwa Sura An-Nur, na nakumbuka aya ya 31 neno kwa neno, kwa sababu ndiyo tuliyoelezwa, tukaelezwa tena: wanawake wainamishe macho, washushe mitandio juu ya vifua vyao. Ni aya ndefu. Lakini kabla yake ipo ya 30, fupi, inapita upesi. Inawaambia wanaume kwanza: wainamishe macho yao, wazilinde tupu zao.

Niliisoma maelfu ya mara. Haima nilimwona mtu akiitenda.

Na kipo kisa kingine ambacho nilikisikia utotoni na kikaniingia sikio hili kikatoka lile. Katika Hija ya kuaga, Fadhl bin Abbas, kijana, alikuwa amepakiwa nyuma ya Mtume s.a.w. juu ya ngamia. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza swali la dini. Fadhl akawa anamtazama, na mwanamke anamtazama Fadhl. Mtume akaugeuza uso wa Fadhl upande mwingine. Kisha akamjibu yule mwanamke swali lake.

Wanavyuoni wana mengi ya kusema juu ya kisa hiki na mimi si mwanachuoni. Nakisimulia tu kama mpanda pikipiki. Uso uliogeuzwa ulikuwa wa kijana aliye juu ya kipando, na mwanamke akabaki pale pale na swali lake, akajibiwa.

Hapa ndipo nashikwa na shaka ambayo sitaificha. Je, natafuta ruhusa? Je, nikiwakumbusha wanaume aya yao, najipunguzia yangu? Nimejipima. Bado nataka kujisitiri. Sivai koti la fundi wa Ruwi kwa ajili ya Oman wala Saudia. Hata nikiwa likizo Mombasa, kwenye pikipiki ya kaka yangu, nalivaa. Lakini sitaki tena kujisitiri kwa woga, kwa sababu nimeshaona woga unavyoshona: unashona nguo inayoingia kwenye cheni.

Shaka ya pili ni kuhusu mzee mwenyewe. Huenda hakuwa na fikra yoyote kati ya hizi. Huenda aliona aibu tu, au alikuwa anawakinga wale vijana na dhambi na mimi sikuwa kitu katika hesabu yake. Sitajua. Ninachojua ni kwamba alikuwa na njia rahisi zaidi. Angeweza kuniambia, "Jifunike." Neno moja la Kiarabu, na wote waliokuwapo wangemuunga mkono. Badala yake alisumbua miguu yake mwenyewe.

Rafiki yangu wa Hofuf hakubaliani nami. Anasema namfanya mzee walii kwa jambo dogo, na kwamba mwanamke hapaswi kuhitaji mgongo wa mwanamume ili avue kofia. Namwelewa. Kazini kwake ameona mengi kuliko mimi. Lakini yeye hajawahi kukaa juu ya pikipiki yenye kilo karibu 200 bila stendi, mikono miwili imejaa, nywele wazi, macho kumi yakimtazama. Wakati ule sikuwa na haja ya msimamo. Nilihitaji nusu dakika.

Haima tena

Ijumaa iliyopita nilirudi. Nilijiambia nakwenda kujaribu mikanda mipya ya mizigo, lakini nilikuwa namtafuta mzee. Nilikuwa nimejifunza hata sentensi ya kumwambia, kwa Kiarabu kizuri, si cha sokoni.

Hakuwapo, bila shaka. Ni mtu wa jangwani na mimi simjui jina. Nilimwuliza kijana wa Bangladesh anayejaza mafuta kama anamkumbuka mzee mwenye pikapu nyeupe. Akacheka, akanyoosha mkono: pampu zote tatu zilikuwa na wazee wenye pikapu nyeupe.

Mmoja wao, wa makamo, alikuwa ameegemea mlango wa gari akinitazama. Hakuinamisha macho. Alinitazama kama mtu anayetazama mpira, bila haya, akitafuna kitu polepole.

Zamani ningeiwasha pikipiki nikaenda nyuma ya duka.

Niliteremsha stendi. Nikatoa glovu, nikaziweka juu ya tanki. Nikafungua kamba ya helmeti, nikaivua, nikaiweka juu ya glovu. Kofia ya ndani ilibaki mahali pake hadi chini ya kidevu. Nikafunga vifungo vya koti, kushoto, kisha kulia, nikamlipa kijana riyali zake, nikaenda dukani kununua maji.

Niliporudi, yule mtu wa makamo alikuwa bado ananitazama. Pembeni yake, garini, alikaa msichana wa miaka kumi hivi, dirisha limeteremshwa nusu. Alikuwa anaitazama pikipiki.

Nikampungia mkono. Akamtazama baba yake, kisha akatoa mkono dirishani.